Aikaeli Ndelilio Mtui, Aliyekataa Dawa Yenye Mabonge

12 Machi 1974 – 12 Agosti 2025

Wasifu huu umesomwa na Eliudi Elifuraha Mtui, mtoto wa kaka wa marehemu, katika kihamba, yaani shamba la ukoo wa mumewe, Mosha, Kilema, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025.

Shikamooni wazee wetu. Kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa Walutheri wenzetu, Bwana Yesu asifiwe. Kabla ya udongo huu kurudishwa mahali pake, familia inaomba mtusikilize. Wiki hii tuliombwa tubadilishe sentensi moja katika maisha ya shangazi yetu. Hatukuibadilisha. Mtaisikia zamu yake ikifika, na mtajua kwa nini.

Aikaeli alizaliwa Mwika siku ya Jumanne, tarehe 12 Machi 1974, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ndelilio Mtui na Mama Elinipendo, ambaye ameketi hapa mbele yetu. Nyumbani kulikuwa na kahawa, migomba, na ng'ombe wawili wa kufugwa ndani. Kazi yake ya kwanza, akiwa na miaka saba, ilikuwa kupika uji wa ulezi wa asubuhi. Siku moja aliukoroga haraka, ukafanya mabonge. Akachukua chujio la chai, akauchuja kimya kimya, akaweka mezani uji laini kabisa. Mama yake akaonja.

"Umechuja," akasema.

"Hapana, Mae."

"Umechuja. Huu ni maji. Ulezi wenyewe umebaki kwenye chujio. Kampe ndama, halafu anza tena."

Alianza tena. Siku hiyo alifika shuleni akiwa amechelewa, akachapwa. Alipenda kusimulia kisa hiki akicheka, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba fimbo ilikuwa halali na uji ulikuwa mzuri.

Alisoma shule ya msingi palepale Mwika kuanzia 1982 hadi 1988. Kidato cha kwanza hadi cha nne alisoma Ashira, Marangu, kuanzia 1989 hadi 1992, akaendelea na kidato cha tano na cha sita katika masomo ya kemia na bayolojia hadi 1995. Mwaka huohuo alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya sayansi mwaka 1998. Mzee mmoja wa ukoo alimuuliza Babu Ndelilio kwa nini anauza ndama kusomesha mtoto atakayeolewa aende zake. Babu hakubishana naye. Aliuza na ng'ombe.

Aliporudi Moshi aliajiriwa katika maabara ya hospitali, akapanga chumba Majengo. Hapo ndipo alipokutana na Martin Valerian Mosha, fundi wa friji mwenye kibanda nyuma ya msikiti. Alimwita aje kuangalia friji yake. Martin akakaa nayo saa nzima, kisha akafunga boksi lake la vifaa.

"Friji haina ugonjwa, dada. Ugonjwa ni wewe. Unaifungua kila dakika kuangalia kama inapoza."

"Nitajuaje kama inapoza bila kuifungua?"

"Nunua kipimajoto."

Kesho yake alimletea mwenyewe kipimajoto. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1999. Aikaeli alibaki Mlutheri na Martin alibaki Mkatoliki, ingawa kila upande uliwaonya. Kwa miaka ishirini na mitano, kila walipokuwa pamoja, Jumapili moja walikwenda kwa huyu na Jumapili nyingine kwa yule. Leo padri na mchungaji wamesimama pamoja kwenye kaburi moja. Waliosema haitawezekana wapo hapa pia, na tunawakaribisha. Mungu aliwapa watoto wawili, Gladys mwaka 2000 na Davis mwaka 2003.

Mwaka 2005 alipata nafasi ya kusoma Uholanzi. Maneno yalisemwa mengi, kwamba Martin ameachwa, kwamba mwanamke akipanda ndege na shahada harudi. Martin alibaki na watoto, akajifunza kusuka nywele za Gladys, akawa anamsuka kibandani mbele ya wateja. Kila Desemba Aikaeli alirudi Kilimanjaro kama Mchagga mwingine yeyote. Mwaka 2011 alirudi moja kwa moja, akiwa Daktari wa Falsafa, na kule walikuwa wamemwomba abaki. Alifundisha chuoni kwa miaka saba. Walijenga nyumba mtaa wa Pasua.

Sasa tunafika kwenye kazi yake. Wengi wenu mlijua kwamba Daktari anatengeneza dawa, lakini hamkujua ni dawa gani. Ni haki yenu kujua leo.

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kupambana na maradhi. Siku hizi zinatengenezwa pia kuwa dawa, zikiwemo za saratani. Hazisagwi kama vidonge. Zinatengenezwa na seli hai, zilizotokana na mnyama mdogo wa jamii ya panya, zinazotunzwa ndani ya tangi lenye maji na virutubisho. Shangazi alisema kazi hiyo haina tofauti na kufuga ng'ombe wa ndani: unalisha, unasafisha, unapima joto, unakamua. Tatizo ni kwamba protini hiyo ni laini mno. Kila moja inatakiwa ijikunje kwa umbo lake. Seli zikikimbizwa, joto likizidi, ikikaa sana kwenye tindikali, inaharibika na kushikana na wenzake. Mmeona ute wa yai unapowekwa kwenye kikaango. Haurudi tena kuwa maji. Ndivyo inavyokuwa, ila mabonge ya dawa huwezi kuyaona kwa macho. Mgonjwa akidungwa dawa hiyo, mwili wake unaweza kuiona adui na kuipiga vita, naye akadhurika badala ya kupona.

Mwaka 2018 maabara moja hapa Moshi ilianza kujaribu kutengeneza kingamwili za saratani, ili siku moja zisiagizwe tena kwa bei ambayo mkulima wa kahawa hawezi kuimudu. Familia haitaitaja jina maabara hiyo. Si kwa woga. Siku ya leo ni yake, si yao. Dkt. Aikaeli aliajiriwa kusimamia tangi na usafishaji wa dawa. Alipofika, mabonge yalikuwa asilimia tisa. Kinachokubalika kilikuwa chini ya mbili. Wageni waliokuja kukagua walisema shida ni maji yetu, umeme wetu, watu wetu. Alikasirika sana. Alipima maji kwa miezi mitatu. Maji yalikuwa mazuri.

Jibu lilipatikana Jumatano, tarehe 20 Machi 2019, kwa sababu ya jino. Katika usafishaji, dawa hunaswa ndani ya bomba maalumu, kisha hulegezwa kwa tindikali ili itoke. Ikishatoka inatakiwa kutulizwa, yaani kuondolewa ukali wa tindikali. Mwongozo uliotoka nje ulisema itulizwe baada ya kutoka, bila kutaja dakika. Na pale kazini, saa nne kamili ilikuwa chai. Mnajua sisi tulivyo. Hakuna aliyegusa kikombe hadi wote wamefika, maana kumwacha mwenzako nyuma kwenye chai ni kumtukana. Basi dawa ilitoka, watu wakaenda chai, wakangojana, wakala ndizi, wakarudi. Dakika arobaini na tano dawa ilikuwa imekaa kwenye tindikali. Hakuna aliyeziandika dakika hizo kwenye daftari la kazi, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba chai ni sehemu ya kazi.

Siku hiyo Hilda, fundi sanifu wa maabara, ambaye yuko hapa, alirudi mlangoni kumwita.

"Dada Aika, njoo basi. Tumekungoja, chai inapoa."

"Kunyweni tu. Jino linaniua."

"Hata supu ya mtori huwezi?"

"Hilda. Nenda."

Alibaki peke yake, akaona hana la kufanya, akaituliza dawa palepale. Majibu ya kesho yake yalisema asilimia tatu. Hilda akamwambia labda mashine imekosea.

"Mashine haikunywa chai jana," alimjibu. "Wala mimi."

Tangu hapo kazi ya tindikali ilianza saa tano, baada ya chai. Mzee Ronald, aliyekuwa msimamizi wa zamu, hakufurahi. Alimuuliza, "Daktari, huko Uholanzi chai ni saa ngapi?" Akajibiwa, "Kule wanakunywa kahawa yetu, Ronald, na hawatungoji."

Kutoka tatu kwenda chini ya moja ilimchukua miaka miwili. Aligundua kwamba seli zikishakuwa nyingi, kuanzia siku ya sita, joto la tangi likishushwa kutoka nyuzi thelathini na saba hadi thelathini na mbili, zinaacha kukimbilia kuongezeka na zinaikunja protini vizuri. Aligundua pia kwamba kukamua siku ya kumi na moja kunashinda kungoja siku ya kumi na nne, wakati seli zimeanza kufa na kuchafua tangi. Dawa ilipungua kidogo kwa kila tangi, na kwa hilo alilaumiwa kila mwezi. Tangi halikuwa na njia ya kupoza polepole, kwa hiyo alimwendea fundi anayemwamini.

"Maisha yangu yote watu wananiletea friji isiyopoza," Martin alimwambia. "Wewe unataka isipoze sana. Kweli nimeoa maajabu."

Aliitengeneza mashine ya kupozea tangi, na bado inafanya kazi. Mwezi Agosti 2021 mabonge yalikuwa tisa kwa kila elfu. Kwa maji yetu, umeme wetu, watu wetu.

Mwezi Septemba 2023 dawa ya kwanza kwa ajili ya wagonjwa ilikuwa inaandaliwa. Wagonjwa kumi na wawili walikuwa wamekubali kuijaribu. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja, na mkurugenzi wa wakati huo alitaka tangi litoe dawa nyingi. Dkt. Aikaeli akiwa likizo ya matibabu, joto lilirudishwa thelathini na saba na tangi likaachwa siku kumi na nne. Mabonge yakawa asilimia sita. Wakaichuja mara mbili. Karatasi ya siku hiyo ikasema moja na nusu, na kila mtu akafurahi. Aliporudi kazini, aliomba chupa moja iliyokaa kwenye friji wiki nzima, akapima upya. Nne. Protini iliyoharibika haikuwa imeondoka. Ilipita kwenye chujio, ikaenda kushikana tena chupani.

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba 2023, aliitwa ofisini kwa mkurugenzi atie saini kwamba dawa inafaa. Hilda alikuwepo, na ametuambia familia maneno yaliyosemwa.

"Daktari, karatasi ya Ijumaa iliyopita inasema moja na nusu."

"Ya leo inasema nne."

"Tumia ya Ijumaa iliyopita."

"Mgonjwa hatadungwa Ijumaa iliyopita."

"Hawa watu wanakufa, Aikaeli. Unawanyima dawa."

"Nawanyima mabonge. Dawa nitawatengenezea, nipe siku kumi na moja."

Hakupewa. Kalamu iliwekwa mbele yake, akaifunga kifuniko, akairudisha. Ikapelekwa kwa Hilda. Hilda akakataa. Ikapelekwa kwa Mzee Ronald, ambaye kwa miaka minne alikuwa hajasamehe habari ya chai. Ronald akasema, "Kama Daktari hajatia, mimi nani?" Bila saini hizo dawa haikuweza kutoka. Ilimwagwa.

Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 2023, alipewa barua inayosema ameacha kazi kwa hiari yake. Alitakiwa atie saini hapo pia. Aliandika chini yake kwa mkono, "Sikuacha," akaondoka na nakala. Nakala hiyo ipo nyumbani.

Hii ndiyo sentensi tuliyoombwa tuibadilishe: Aikaeli Ndelilio Mtui alifukuzwa kazi kwa sababu alikataa kutia saini kwenye dawa mbovu.

Walikuwepo waliosema mitaani kwamba ana kiburi, kwamba aliwanyima wagonjwa tiba. Yeye aliwatembelea watu wanane kati ya wale kumi na wawili, nyumbani kwao, na kuwaeleza mwenyewe kilichotokea, kwa kutumia yai na kikaango. Wawili wao walikuwa wamekasirika na walimwambia hivyo. Aliketi akawasikiliza hadi walipomaliza. Kisha akarudi Pasua, akaketi mezani, akaandika mwongozo wa kurasa arobaini na moja kwa Kiswahili, ili fundi yeyote aweze kuufuata bila kungoja mgeni amtafsirie. Kila hatua ina dakika zake. Ukurasa wa kumi na saba unasema: "Chai inywewe kabla."

Figo zake zilianza kuuma mwaka 2021. Kuanzia Februari 2024 alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya rufaa hapa Moshi. Wauguzi wanamkumbuka.

"Sista, maji ya mashine hii yana nyuzi ngapi?"

"Mama, pumzika."

"Niambie kwanza, ndiyo nitapumzika."

Wamesikika watu msibani wakinong'ona kwamba aliuawa na huzuni ya kufukuzwa, au na aibu. Tunawaomba waache. Aikaeli alikufa kwa ugonjwa wa figo. Aibu hakuwa nayo, na kama ipo, iko kwa mwenye nayo. Jumapili kabla ya kufariki, Hilda alikuja wodini na karatasi. Mkurugenzi yule ameshaondoka, na maabara imetengeneza dawa mpya kwa kufuata ule mwongozo, joto, siku, dakika, kila kitu. Mabonge, tisa kwa elfu. Shangazi hakuonekana kuridhika.

"Na baada ya wiki moja kwenye friji?"

"Hiyo ni baada ya miezi sita, Dada Aika."

Alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Wagonjwa wa kwanza wanatarajiwa kudungwa dawa hiyo mwezi ujao.

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, alifariki dunia. Martin na Gladys walikuwa wamemshika mikono.

Alhamisi, wakati tunapanga mazishi, wawakilishi wa maabara walifika Pasua na rambirambi, tukazipokea kwa heshima. Walileta pia aya waliyoiandika wao, iwekwe kwenye wasifu huu. Ilimsifu sana. Ilisema alikuwa nguzo, na kwamba mwaka 2023 aliacha kazi kwa hiari yake ili ashughulikie afya. Baba yangu, Elifuraha, ambaye ni mtu wa amani, alimsogelea mama yake.

"Mae, ni maneno mazuri. Tuweke tu, tuzike kwa utulivu. Aliyekufa hapotezi kitu."

"Nisomee tena."

Akamsomea tena. Bibi hajui tindikali wala tangi. Alisikiliza yote akiwa amefumba macho.

"Hiyo wamechuja," akasema. "Kampeni ndama. Halafu muanze tena."

Baba aliikunja ile karatasi, akawarudishia wageni, na akaniambia niandike. Hiki mlichosikia ndicho tulichoanza tena.

Marehemu ameacha mume, Martin Valerian Mosha, watoto wawili, Gladys na Davis, mama mzazi, Elinipendo Mtui, kaka, Elifuraha, wakwe na mashemeji wa Kilema, wajomba, mashangazi na ukoo wote wa Mwika, majirani wa Majengo na Pasua, Hilda na Mzee Ronald, ambao familia inawahesabu kuwa ndugu, na wagonjwa ambao hatujui majina yao, ambao mwezi ujao watanyoosha mkono na kudungwa dawa isiyo na mabonge.

Mwenye kuandika kumbukumbu za ofisi na aandike hivi, tumeihakikisha tarehe. Aikaeli ameacha kazi Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi. Si kabla ya hapo.

Sasa ndiyo apumzike, na amani ya Bwana iwe naye.